Kilatini kwa watoto wa shule Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamewalenga wazazi na walimu wanaofikiria kuanzisha klabu ya Kilatini kwa watoto wa Gredi ya 6 hadi ya 9. Msimamo wetu tuuseme mapema: mtoto anayezungumza Kiswahili huingia darasani akiwa tayari na nusu ya sarufi ya Kilatini mdomoni. Nusu hiyo hupotea pale mwalimu anapomfundisha kwa kupitia Kiingereza.

Kilatini kina faida gani hasa kwa mtoto?

Kwanza ni usomaji wa makini. Mwisho wa neno la Kilatini ndio unaotaja kazi yake katika sentensi, kwa hiyo mtoto hawezi kupitisha macho juu juu akakisia maana. Katika *puella puerum amat*, msichana ndiye anayempenda mvulana. Yapindue maneno yawe *puerum puella amat*, na bado anayependa ni msichana, kwa sababu ile *-um* imeshamweka mvulana upande wa anayependwa.

Pili ni msamiati wa taaluma. Ibara ya 25 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataja amri ya *habeas corpus*, ile ya kumleta aliyezuiliwa mbele ya mahakama, miongoni mwa haki zisizoweza kuwekewa mipaka. Zile herufi TDS kwenye karatasi ya dawa ni *ter die sumendum*, yaani dawa imezwe mara tatu kwa siku, na BD ni *bis die*, mara mbili. Majina ya kisayansi ya miti na samaki nayo yanafuata sarufi ya Kilatini. Hili tutalirudia, maana Mombasa lina raha yake.

Tatu, na kwetu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kusoma maneno ya watu wa miaka elfu mbili iliyopita kama walivyoyaandika wenyewe, bila mfasiri kukaa katikati.

Je, kinaongeza akili au alama za hisabati?

Hapana. Yeyote anayeahidi hivyo msimwamini. Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapima wanafunzi wengi wa sekondari na kutangaza matokeo yake mwaka 1924. Aliona kwamba somo lililochaguliwa, Kilatini kikiwemo, halikuleta tofauti kubwa katika uwezo wa jumla wa kufikiri. Anayejifunza Kilatini hupata Kilatini. Ukitaka kimsaidie kwenye Kiingereza au biolojia, mwonyeshe uhusiano huo waziwazi, neno kwa neno. Hauji wenyewe.

Kiswahili kinamsaidia vipi mwanafunzi?

Hapa ndipo tunapoomba walimu wakae kidogo.

Kitenzi cha Kilatini humbeba mtendaji ndani yake, kama chetu. *Porto* ni nabeba, *portas* wabeba (wewe), *portat* abeba, *portamus* twabeba, *portatis* mwabeba, *portant* wabeba (wao). Mtoto anayesomeshwa kwa Kiingereza lazima kwanza ashawishiwe kwamba neno moja laweza kuwa sentensi nzima. Wa Mombasa hana haja ya kushawishiwa. Tofauti ni kwamba alama ya mtendaji kwetu hukaa mwanzo na kwao hukaa mwisho. Na tazameni: hapo Kilatini ndicho kilicho wazi zaidi, kwani *portas* na *portant* hazifanani, ilhali "wabeba" yetu yaweza kuwa wewe au wao.

Lugha zote mbili hazina vile vijineno *a* na *the* ambavyo Kiingereza hakiendi bila navyo. Mtoto anayetafsiri Kilatini kwa Kiingereza huongeza vitu ambavyo havimo kwenye sentensi, kisha huchanganyikiwa anapotakiwa kurudi kinyume.

Upatanisho wa kisarufi nao si mgeni kwake. Aliyekua akisema "vitabu vizuri viwili" hashangai kusikia kwamba sifa lazima ifuate jina. Lililo bora zaidi ni kwamba ameshazoea jina ambalo umbo lake linasema hivi na upatanisho wake vile. Tunasema "kijana mzuri", hatusemi "kijana kizuri", kwa kuwa kijana ni mtu hata akivaa ki-. Vivyo hivyo *nauta*, baharia, lina *-a* ya kike lakini husemwa *nauta bonus*, kwa kiume. Darasa la Kiingereza huhitaji kipindi kizima kwa jambo hilo. Hapa linatosha kwa dakika tano.

Mnyambuliko wa kutendea nao unafungua mlango. *Scribo epistulam amico* ni "namwandikia rafiki barua". Kazi inayofanywa na -ia- katika kitenzi chetu, Kilatini huifanya kwa kubadilisha mwisho wa jina: *amicus* linakuwa *amico*. Mwambie mtoto kwamba *amico* ni "rafiki wa kutendewa", na yule atakayeuliza jina la kitaalamu mpe baadaye.

Sadfa moja huwafurahisha watoto. Sisi tukitaka kuagiza au kutamani hugeuza -a ya mwisho kuwa -e: abeba, abebe. Kundi la kwanza la vitenzi vya Kilatini nalo hufanya hivyohivyo: *portat*, *portet*. Ni bahati tu, lugha hizi hazina undugu, na mwalimu aseme hivyo. Kundi la pili huenda kinyume: *habet* inakuwa *habeat*. Ndiyo maana amri ya mahakama ni *habeas*, "uwe na", na haikuandikwa *habes*.

Mtoto wangu anasoma chuoni, yaani madrasa. Je, Kiarabu kitamchanganya?

Kitambeba. Jambo gumu kuliko yote katika Kilatini ni jina kubadilika mwisho kulingana na kazi yake, na Kiswahili hakina hilo, ukiacha -ni ya mahali. Lakini mtoto aliyefika kwenye nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, hasa kama mwalimu wake anatumia matni ya Ajurrumiya, kitabu kifupi cha sarufi hiyo, ameshakutana na hali za jina: marfuu (ya mtenda), mansubu (ya mtendwa) na majruri (ya umiliki au baada ya kihusishi). Mwonyeshe kwamba *dominus* ni marfuu, *dominum* ni mansubu, na *domini* ("wa bwana") ni majruri wa idhafa, yaani wa umiliki, naye ataelewa papo hapo kile ambacho wenzake watakihangaikia kwa muhula mzima.

Mipaka ipo. Kiarabu kina hali tatu. Kilatini kina sita ukihesabu ile ya kuita, na hali ya kutendewa pamoja na ile ya chombo au mahali zitabidi zifundishwe upya. Mwaka wa pili kuna zawadi nyingine: *dicit puerum venire*, "anasema kwamba mvulana anakuja", ambapo mvulana amewekwa kama mansubu. Wanaokumbuka kazi ya *anna*, "kwamba" ya Kiarabu inayolifanya jina linalofuata kuwa mansubu, hawatauliza kwa nini.

Lakini si lugha ya kanisa, au ya Wazungu?

Kanisa lilikitumia, ndiyo. Lakini Cicero, msemaji maarufu wa Roma, na Vergilius, mshairi wake mkuu, walikwisha kufa kabla Ukristo haujaanza. Na bara letu lina sehemu yake. Terentius, mtunzi wa tamthilia, alitoka Carthage. Apuleius alizaliwa Madaura, Algeria ya leo. Augustino alizaliwa Thagaste, huko huko Algeria, mwaka 354. Kaisari Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna, Libya, mwaka 145, akaenda kufia York, Uingereza, mwaka 211.

Kwa familia za Kiislamu kuna jambo jingine la kulitaja darasani: karne ya 12, mjini Toledo, Gerard wa Cremona aliitafsiri Kanuni ya Tiba ya Ibn Sina kwa Kilatini, nayo ikasomwa Ulaya kwa karne kadhaa. Walimwita Avicenna. Carl Linnaeus alipoorodhesha mimea mwaka 1753 alimpa Ibn Sina jenasi nzima ya miti, Avicennia. Mti huo ni mchu, unaoota kwenye matope ya hori la Tudor. Mtoto wa Mombasa anaweza kwenda kuushika.

Lawama ya ukoloni, hata hivyo, ina ukweli. Kilatini kilitumiwa kama uzio: hadi mwaka 1960 hukuingia Oxford bila nacho. Klabu isiyoanza kwa kukiri hilo itaonekana ya kujikweza, na itastahili kuonekana hivyo.

Na pwani yetu inatajwa popote?

Inatajwa, ila kwa Kigiriki. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa wafanyabiashara wa karne ya kwanza, unaiita pwani hii Azania na kuutaja mji wa soko wa Rhapta, ambao mahali pake bado panabishaniwa. Jina hilo linahusishwa na mashua za kushonwa, na wanaoijua habari ya mtepe wa Lamu watatabasamu. Mwandishi anasema pembe za ndovu zilitoka huku kwa wingi, na kwamba manahodha Waarabu walikuwa wakioa huku na kuielewa lugha ya wenyeji. Somesheni kurasa hizo kwa tafsiri. Hakuna haja ya kuwapa watoto Kigiriki na Kilatini kwa wakati mmoja, watavunjika moyo.

Kwa nini Kilatini, na si Muyaka?

Ikiwa lazima kuchagua kimoja, chagueni Muyaka. Mtoto wa Mombasa aliyewahi kutafsiri mistari ya Vergilius lakini hajui kwamba Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake katika mji huu huu, enzi za Mazrui, na kufariki yapata 1840, amesomeshwa upande.

Lakini kazi yenyewe ni moja. Mashairi ya Muyaka yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Yametufikia kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya na kuyaeleza akishirikiana na mmisionari William Taylor. Msomaji wake hukutana na Kimvita cha zamani, maneno yaliyobadilika maana, na hati ambayo kwa asili haina alama za e na o. Afanyalo hapo ndilo afanyalo msomaji wa Kilatini: husoma polepole, hulinganisha, huuliza kwa nini umbo hili na si lile. Tunashauri kipindi kimoja katika kila vinne kiende kwenye ushairi wa Kiswahili cha kale.

Tahadhari ni kwenye mizani. Watoto waliozoea kuhesabu 8 kwa 8 na kutafuta vina watajaribu hivyo kwenye shairi la Kilatini na kukwama. Ushairi wa Kirumi wa zamani hauna vina, na mstari wa Vergilius unapimwa kwa silabi ndefu na fupi, hivyo idadi ya silabi hupanda na kushuka. Wanaojua arudhi, yaani kanuni za mizani za ushairi wa Kiarabu, wako karibu zaidi.

Matamshi yana ugumu gani?

Irabu tano zinasomeka kama zetu, na hilo peke yake ni nafuu kubwa. *C* daima ni k, *v* ni w, *ae* ni ai. Kwa hiyo Caesar ni "Kaisar", na Kaisari yetu iko karibu na Warumi kuliko matamshi ya Kiingereza.

Makosa huwa matatu. La kwanza ni kubandika irabu mwishoni: *amat* linakuwa "amati", *puerum* "puerumu". Mazoezi ya dakika mbili ya kukata neno ghafla yanatosha, na waliosoma Kurani hawana shida hii.

La pili ni mkazo. Kiswahili huuweka silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Kilatini huuweka hapo iwapo silabi hiyo ina irabu ndefu au imefungwa na konsonanti: *amícus*, *puélla*. La sivyo mkazo hurudi nyuma hatua moja: *dóminus*, *fémina*, *ínsula*. Neno la silabi mbili hukazwa mwanzo.

La tatu ni urefu wa irabu. *Liber* yenye i fupi ni kitabu, yenye i ndefu ni huru. Anayetofautisha "kata" na "kataa" ataliweza, mradi vitabu viwe na mstari juu ya irabu ndefu. Visivyo na mistari hiyo msivinunue kwa mwaka wa kwanza.

Siku ya kwanza tufundishe nini?

Sentensi tatu ubaoni, bila jedwali lolote:

*Mombasa est insula. In insula est portus. In portu sunt naves.*

Mombasa ni kisiwa. Kisiwani kuna bandari. Bandarini mna meli. Waacheni watoto wenyewe waseme nini kimebadilika. Wataona *portus* imekuwa *portu*, na wataona kwamba sisi nasi tumebadilisha mwisho: bandari, bandarini. Hapo wazo la mwisho wa neno kufanya kazi limeshaingia, na halikuwagharimu machozi. Majedwali yaje wiki ya tatu.

Ratiba na vifaa?

Vipindi vitatu vya dakika 40 kwa wiki vinazaa kuliko kimoja cha saa mbili Jumamosi. Gawanyeni hivi: dakika 5 kadi za maneno, 10 kusoma kwa sauti, 15 jambo jipya, 10 kuandika. Maneno mapya 12 kwa wiki. Kwa mihula mitatu ya wiki kumi kumi hiyo ni 360, lakini pangeni 300, maana wiki za mitihani hazifundishiki.

Manila moja ya ukubwa wa A1, ikikunjwa katikati na kukatwa mara tano, hutoa kadi 32. Mbele andikeni jina pamoja na umbo lake la umiliki, *rex, regis*, nyuma Kiswahili. Tumieni wino wa buluu kwa mtenda na mwekundu kwa mtendwa, na msibadilishe rangi katikati ya mwaka. Daftari la mistari lenye kurasa 96 latosha mwaka. Kilatini kiandikwe ukurasa wa kushoto, tafsiri kulia.

Watoto wanakosea wapi wanapotafsiri?

Wanatafsiri neno kwa neno kutoka kushoto. Chukueni *Nauta filio navem magnam monstrat*. Wafundisheni kuanza na kitenzi: *monstrat*, ile *-t* ni a-, basi ni mtu mmoja anayeonyesha. Watafute mtenda: *nauta*. Kisha kinachoonyeshwa: *navem*, kwa *-em*. Kisha anayeonyeshwa: *filio*, kwa *-o*. Baharia anamwonyesha mwanawe meli kubwa.

Wakiambiwa waandike wenyewe, wengi wataandika *navem magnem*. Sababu ni Kiswahili: wamezoea upatanisho unaosikika, ki- kwa ki-, vi- kwa vi-. Kilatini hupatanisha jinsia, idadi na hali, ila sauti si lazima zifanane. Warudisheni kwenye "kijana mzuri".

Mtego mwingine ni *-ae*. *Puellae* yaweza kuwa "wa msichana", "kwa msichana" au "wasichana". Kitenzi ndicho kinachoamua: kikiwa na *-nt* na hakuna mtenda mwingine, ni wasichana. Na *-a* isiwadanganye daima kuwa ni umoja wa kike, kwani *bella* ni vita vingi, na *bellum* ndicho kimoja.

Zoezi la miti ni lipi?

Ni matembezi ya saa moja, daftari mkononi. Mwembe ni *Mangifera indica*, mwarobaini *Azadirachta indica*, mnazi *Cocos nucifera*, yaani wenye kuzaa kokwa. Mibuyu ya Mama Ngina ni *Adansonia digitata*, kwa vile majani yake yamegawanyika kama vidole. Mkiteremka ufuoni kuna mlilana, *Sonneratia alba*, na mkoko, *Rhizophora mucronata*, ambao jani lake lina kincha mwishoni. Mtoto aliguse.

Kisha waulizeni juu ya mkwaju: *Tamarindus indica*. Jina lina *-us*, mbona sifa haikuwa *indicus*? Kwa sababu kwa Warumi miti kwa kawaida ilihesabiwa jinsia ya kike, hata jina likiishia *-us*. Tangu mwaka 2012 mtaalamu anaruhusiwa kueleza mmea mpya kwa Kiingereza badala ya Kilatini, ila jina lenyewe bado ni la Kilatini.

Kuna mtihani? Na mwalimu apatikane wapi?

Kilatini si somo la KCSE, kwa hiyo kibakie klabu na kisiibe muda wa masomo yanayotahiniwa. Waliopitia seminari mara nyingi wana msingi mzuri, ila wengi hutamka kikanisa, na *c* mbele ya *e* au *i* huwa ch. Si kosa. Klabu ichague matamshi mamoja, basi. Mwalimu aliye sura moja tu mbele ya darasa hafai: ataulizwa swali la sura ya kumi katika sura ya pili. Awe amekimaliza kitabu cha kwanza chote, mazoezi yakiwemo.

Mtoto alikuwa anapenda, sasa amekwama. Kwa nini?

Tazameni kama darasa limefika kundi la tatu la majina. Mara nyingi ni hapo. Makundi mawili ya kwanza yana mpangilio unaotabirika, kisha ghafla *rex* inakuwa *regem*, *nomen* inakuwa *nomina*, *iter* inakuwa *itinera*. Aliyekariri umbo la kwanza peke yake hana pa kushika, kwani shina halisi limo katika umbo la umiliki: *regis*, *nominis*, *itineris*. Simamisheni sura mpya kwa wiki mbili. Rudini kwenye kadi, ongezeni umbo la pili pale lilipokosekana, na someni hadithi fupi za wanyama ambazo maneno yake mengi wanayajua tayari. Mtoto akiweza kutoa *regem*, *regi* na *rege* kutoka *regis* bila kutazama, endeleeni na sura mliyoiacha.